Kodi ya shule hapa Michigan: nawajibu mnaouliza kila siku

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo hakuna mapishi wala matembezi. Nimekaa na karatasi zangu hapa mezani kwa sababu kwenye komenti swali ni lile lile: "Dada, si ulisema shule za Marekani ni bure? Mbona unalalamikia kodi ya shule?" Na wengine: "Kanunua nyumba, anatafuta njia ya kututangazia." Sitangazi nyumba, na wala silii. Nimeulizwa, najibu.

Naishi Michigan, upande wa Grand Rapids. Wakongomani wengi wako huku, kwa hiyo Kiswahili unakisikia kanisani na sokoni. Mwezi Mei wilaya yetu ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo letu, inaturudia wapiga kura: turuhusu iendelee kukusanya kodi ya majengo kwa ajili ya shule, au tukatae. Nyumbani Tanzania kodi ya jengo mnaijua, inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na hakuna aliyebisha hodi kukuuliza maoni. Huku wanauliza, na muda ukiisha wanarudi kuuliza tena.

Kodi yenyewe inahesabiwa kwa mili. Mili moja ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani ya kutozwa kodi, na thamani hiyo haizidi nusu ya bei ya soko. Shule wanaomba mili 18. Chukua nyumba ya dola 200,000: thamani ya kodi ni 100,000, mili 18 ni dola 1,800 kwa mwaka. Ni hela nyingi. Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapotishana kwenye makundi ya WhatsApp: ukiwa unaishi kwenye nyumba yako mwenyewe na umejaza fomu ya msamaha wa makazi, hizo mili 18 hulipi. Wanaolipa ni maduka, viwanda, nyumba za kupangisha, nyumba za mapumziko kule kando ya ziwa. Kura ya Mei ikipita, bili ya mama anayeishi kwake haiongezeki hata senti kwa sababu ya hizo mili. Mpangaji yeye haletewi bili, ila mwenye nyumba anaitia ndani ya pango, kwa hiyo siwezi kumwambia mpangaji kwamba hayamhusu.

Kwa nini basi nasema nitapiga ndiyo? Kwa sababu ya hesabu ya jimbo. Mwaka wa masomo 2024–25 jimbo liliweka dola 9,608 kwa kila mwanafunzi. Ila kabla ya kutoa, linachukulia kwamba wilaya imeshakusanya zile mili 18, halafu linajazia kilichobaki. Wananchi wakikataa, jimbo halirudi kuziba pengo. Wilaya inakaa na shimo, na linalofuata ni mabasi, ni walimu wasaidizi, ni yule mkalimani anayenipigia simu mtoto akiumwa.

Haya si maneno ya kutishia. Mwaka 1993 huku huku Michigan, mji wa Kalkaska, wapiga kura walikataa kodi, na shule zikafungwa mwezi Machi, wiki kadhaa kabla mwaka wa masomo haujaisha. Watoto walirudishwa nyumbani kwa sababu hela imekwisha. Mwaka uliofuata, Machi 1994, jimbo zima likapiga kura kubadilisha mfumo: kodi ya mauzo ikapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na nyumba ambazo wenyewe wanaishi humo zikaondolewa kwenye hizi mili 18. Kwa hiyo kila ninaponunua sabuni dukani nachangia shule. Nani alisema ni bure?

Sasa kuhusu ile fomu. Tuliponunua nyumba, kampuni iliyosimamia uhamisho wa hati ilituambia fomu ya msamaha wameshaipeleka. Bili ikaja, na mstari wa uendeshaji wa shule, yaani zile mili 18, upo pale pale, umejaa. Ofisi ya mji wakasema hawajaipokea. Kampuni wakasema waliituma. Nimesimama dirishani na mtoto mgongoni, kila mmoja ananirudisha kwa mwenzake, na benki inayokusanya kodi ndani ya rejesho la mkopo ikapandisha rejesho bila hata simu. Mwisho bodi ya mapitio ya kodi ilipokutana Desemba wakarekebisha na hela ikarudi. Lakini miezi hiyo yote nilibana. Na ndiyo miezi ambayo ndugu zangu waliniandika kwenye kundi la familia: "Unasomesha watoto wa Wazungu, ada ya mtoto wa kaka yako huku hutumi." Niliumia. Nasema leo hadharani, niliumia sana, kwa sababu mwanangu naye anakaa kwenye hayo madarasa.

Kuna jambo jingine la kununua nyumba ambalo wauzaji hawalisemi. Mtu akikaa kwenye nyumba yake, thamani ya kodi haipandi kwa mwaka zaidi ya mfumuko wa bei au asilimia 5, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Ukiinunua wewe, mwaka unaofuata inaruka hadi nusu ya bei ya soko. Jirani yangu mzee ana nyumba inayofanana na yangu, bili yake haifanani kabisa na yangu. Usipange bajeti kwa bili ya aliyekuuzia.

Wenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi huku bila uraia, nawaomba sana: hata kura ya shule msiiguse. Kupiga kura kabla hujawa raia kunaweza kukurudisha nyumbani na familia yako ikabaki. Kwenye ofisi ya leseni wakikuuliza kama uandikishwe kupiga kura, sema hapana. Mimi napiga kwa sababu nimeapa kuwa raia wa Marekani, na kuapa huko kulinigharimu uraia wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wanaoniita msaliti wajue nililia na pasipoti mkononi.

Haya yote ni yangu na ya jimbo hili. Ohio wana utaratibu wao, Texas wana wao, na mfuko wako si wangu. Ukiwa Michigan na umenunua nyumba mwaka huu, fomu ni namba 2368, haina ada, na ifike kwa mthamini wa mji isizidi Juni 1 ili bili ya kiangazi ije sawa. Ukichelewa, Novemba 1 kwa bili ya majira ya baridi. Ipeleke mwenyewe kwa mkono, na usitoke dirishani bila nakala iliyogongwa muhuri.