Meza ya umeme ya kupanda na kushuka: nunua miguu tu, ubao tengeneza hapahapa Zanzibar

Asalaam aleikum jamani, karibuni. Leo tunafunga meza ya umeme, ile unabonyeza kitufe inapanda ukafanya kazi umesimama, ukichoka unaishusha unakaa. Wengi siku hizi tunafanyia kazi nyumbani, kutwa mtu yupo kwenye kiti, jioni mgongo na kiuno havisemeki, kwa hiyo hii meza si ya kujionesha, inasaidia kweli. Nitakwenda polepole, na wenzetu wa Pemba pia mnisikilize maana haya yote yanawahusu.

Kwanza kabisa kabla hujatoa pesa. Usinunue meza nzima. Nunua miguu peke yake, fremu yake na mota zake, ubao utatengeneza hapa. Kwa nini nasema hivi: zile meza zinazokuja kamili mara nyingi ubao wake ni wa unga wa mbao uloshindiliwa, emdiefu au chipbodi, na hewa yetu ya bahari unaijua, masika ikiingia ule ubao unakunywa unyevu pembeni pale kwenye kona, unavimba, na ukishavimba haurudi tena. Halafu ni mzito na unachukua nafasi, kuusafirisha mpaka huku ni gharama juu ya gharama. Fundi seremala wa mtaani kwako anakupigia ubao mzuri zaidi, na ukiharibika unamrudia yeye yeye.

Sasa kwenye miguu tizama vitu vinne. Mota: ipo ya mota moja na ipo ya mota mbili, kila mguu na yake. Ya mota moja ni rahisi bei lakini nyingi zinabeba kilo 70 au 80 hivi, na kumbuka ubao nao unahesabiwa humo. Mie nasema kama unaweka ubao wa mbao hasa, chukua mota mbili, hizo zinakwenda kilo 100 mpaka 120 na zinapanda kimya kidogo. Pili urefu, na hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Mguu wa vipande viwili kawaida unashuka mpaka sentimita 70 na kitu, hauendi chini zaidi, wa vipande vitatu unashuka mpaka 60 au 62 hivi. Kama wewe ni mfupi, dada zangu wengi na hata kaka, chukua wa vipande vitatu, vyenginevyo ukikaa mabega yatakuwa juu kutwa nzima na ile faida uloitafuta hupati.

Kujipima ni hivi: simama peku, kunja mkono kwenye kiwiko uwe kama herufi L, mtu akupime kutoka chini mpaka kwenye kiwiko. Hicho ndicho kimo cha meza yako ya kusimama. Kisha kaa kwenye kiti chako chenyewe, nyayo zimegusa chini, pima tena. Andika namba zote mbili, nenda nazo dukani au ulinganishe na ilivyoandikwa mtandaoni.

Tatu, volti. Tafadhali hili lisikupite. Umeme wetu ni volti 230, tizama ile lebo kwenye kiboksi cha umeme, ikiwa imeandikwa 100–240V hakuna shida, lakini ikiwa imeandikwa 110 au 120V peke yake hiyo ni ya Marekani, ukiichomeka tu imeungua, na duka litakwambia umeiunguza wewe. Nne, kutu. Chuma kiwe kimepigwa rangi ya unga vizuri, pitisha kidole ndani ya mguu pale chini, pakiwa chuma kitupu hakina rangi basi ukiwa unakaa karibu na pwani patashika kutu mapema.

Haya, ubao. Nenda kwa fundi mwambie unataka sentimita 140 kwa 70, unene milimita 25. Ukiwa na skrini moja na laptop, 120 kwa 60 inatosha. Mninga mzuri sana, mfenesi nao mzuri na fundi wetu wameuzoea, msaji ukipata sawa. Ila mbao iwe kavu, kavu kabisa, ukipigiwa mbao mbichi itapinda wakati ishafungwa. Na mwambie fundi apake vanishi pande zote, juu na chini na kwenye kingo. Fundi wengi wanapaka juu tu maana chini hakuonekani, sasa upande wa chini unakuwa unavuta unyevu wa juu hauvuti, ubao unapinda kama chapati ilokauka. Simama naye mpaka apake, usione haya. Ukishauleta nyumbani usiufunge siku hiyohiyo, uache ndani wiki moja mbili uizoee hewa ya chumba.

Kufunga sasa. Tandika zulia au mkeka mnene, laza ubao kifudifudi, yaani uso wa juu uangalie chini. Kusanya fremu juu yake: vuta vile vyuma vya katikati mpaka vitoshe ubao wako, bakisha sentimita 10 hivi kila upande, funga mikono ya pembeni, tia miguu, kisha nyayo zake. Skurubu zote zianze kwa mkono na usikaze hata moja mpaka zote ziwe zimeingia, ukikaza moja mwanzo za mwisho matundu hayakutani. Zikishaingia zote ndio unazungusha ile funguo ya pembe sita kukaza moja moja.

Pima fremu ikae katikati, tia alama kwa penseli, toboa kwa drili. Msumari wa drili uwe mwembamba kuliko skurubu, skurubu ya milimita 5 toboa kwa 3, na uuzungushie tepu kuonesha kina, ubao wako ni milimita 25 basi toboa 15 mwisho. Mninga ni mgumu, usipotoboa skurubu inakatika humo ndani na kuitoa ni kazi nyengine.

Waya: mota zinaingia kwenye kiboksi, kile kidude cha vitufe nacho kinaingia, waya wa ukutani mwisho kabisa. Ekstensheni yako ifunge chini ya ubao hapohapo, chaja ya laptop, skrini, zote zichomeke humo, ili kutoka mezani kwenda ukutani ushuke waya mmoja tu. Na huo mmoja uachie ulegee wa kutosha meza ikiwa juu kabisa, ukiwa mfupi meza ikipanda itang'oa plagi au itavuta laptop chini.

Kuigeuza muwe watu wawili, mshike fremu, msishike ubao, maana ukishika ubao uzito wote wa chuma unaning'inia kwenye skurubu. Iweke mbali na ukuta kidogo, sentimita 5. Tizama juu yake pia, rafu, ubao wa dirisha, chochote ambacho meza ikipanda itagonga. Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake zinatoa chumvi na unyevu, hapo isogeze zaidi. Sakafu ikiwa si sawa zungusha vile vifundo vya chini ya nyayo mpaka pimamaji itulie.

Sasa umeme. Unguja tunaletewa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na Pemba wanachukua Tanga tangu 2010, na wakubwa mnakumbuka mwisho wa 2009 mpaka mapema 2010 tulivyokaa miezi gizani. Umeme ukikatika meza inabaki palepale ilipo, haianguki, hilo usiogope. Hatari ni unaporudi, unarudi na nguvu, kwa hiyo tia ile gadi ya friji baina ya ukuta na meza, inasubiri dakika kadhaa umeme utulie ndio inafungua. Plagi iwe ya pini tatu za kwetu, ikija ya pini mbili bapa mwambie fundi umeme aibadilishe, adapta za kuchomekachomeka sizipendi. Tukuza yako, yaani umeme wa kulipia kabla, haitaisha kwa hii meza, inakula pale inapopanda tu, sekunde chache.

Ukishawasha, bonyeza kitufe cha kushuka usiachie. Itashuka mpaka mwisho, endelea kushikilia, itashuka kidogo tena halafu itajinyanyua kidogo tu, hapo achia. Hiyo ndio inajua chini kwake ni wapi. Umeme ukirudi ikaandika herufi za ajabu au ikawa haipandi, fanya hivyohivyo, nyingi zinarudi, ila soma karatasi yake maana nyengine zina vitufe vyao. Na watoto wasiichezee juu chini juu chini, mota nyingi zimeundwa zifanye kazi dakika 2 zipumzike 18, zikipata moto inajizima. Iache ipoe.

Zile namba zako mbili za kiwiko ziingize kwenye vitufe vya kumbukumbu. Skrini, ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho, umbali kama urefu wa mkono. Ukitumia laptop peke yake shingo itainama tu hata meza iwe nzuri vipi, inyanyue juu ya kitu utumie kibodi ya pembeni. Kusimama anza dakika 15 au 20 kwa saa, usisimame kutwa, miguu itavimba. Na kwa vile ndani tunakaa peku juu ya taili, weka zulia la mpira laini chini ya miguu.

Baada ya wiki mbili ingia chini ya meza na funguo yako ukaze skurubu zote tena, mbao itakuwa ishajikaa na kuna ambazo zimelegea.