Sanduku la Kuzalia: Mbwa Wadogo na Baridi ya Mbeya

TUMPE: Karibuni tena. Leo ni mbwa wadogo: Maltese, Chihuahua na wenzao. Siku hizi ukipita mtaa wa Forest hapa Mbeya unawaona kila geti. Mtu ananunua kwa bei ya ndama, halafu jike akikaribia kuzaa anatandikiwa gunia nyuma ya mlango.

LUSAJO: Juu ya saruji, dada. Mbeya, mwezi wa saba, usiku.

TUMPE: Ndiyo maana leo tunaongelea sanduku la kuzalia. Naona tuanze na baridi, seremala wa kulitengeneza baadaye.

LUSAJO: Sawa kabisa. Mtoto wa mbwa siku zake za kwanza hawezi hata kutetemeka. Mimi na wewe tukipigwa na baridi mwili unatetemeka, unatengeneza joto. Yeye hana huo uwezo. Na hawa wadogo wanazaliwa na gramu 100, 150, mafuta mwilini hakuna. Joto lote anapewa: na mama, na wenzake, na sanduku.

TUMPE: Kiasi gani?

LUSAJO: Pale wanapolala, nyuzijoto 29 hadi 32 wiki ya kwanza. Unashusha polepole, wiki ya nne 23 au 24 zinatosha. Kipimajoto kikae chini walipo watoto, usikitundike ukutani kama kalenda.

TUMPE: Kuna msikilizaji hapo ameshawaza jiko la mkaa.

LUSAJO: Aache kuwaza. Nani huku kwetu hajasikia habari za watu waliolala na jiko ndani, asubuhi hawakuamka? Ile kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inaua mtu mzima, sembuse kiumbe cha gramu 100.

TUMPE: Basi atumie nini?

LUSAJO: Taa ya vifaranga, maduka ya mifugo wanazo. Ining'inize kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, na iangazie upande mmoja tu wa sanduku. Hapa ndipo wengi hawaelewi. Mama ana manyoya yake. Nyuzijoto 32 kwake ni mateso. Akikosa pa kupoa atatoka, atawaacha watoto.

TUMPE: Na watoto wenyewe wanasema. Wakirundikana na kulialia, baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake wanahema, umezidisha. Wakilala kimya wamegusana kidogo, usiguse kitu.

LUSAJO: Umeme ukikatika?

TUMPE: Chupa za maji ya moto, zimeviringishwa taulo, unabadilisha zikipoa.

LUSAJO: Na ukimkuta mmoja amepoa, usimkimbizie maziwa. Tumbo likipoa halisagi, maziwa yanamgeukia. Mweke kifuani chini ya sweta, apate joto taratibu, ndipo anyonye.

TUMPE: Haya, sasa seremala.

LUSAJO: Mama alale amenyoosha miguu na bado ageuke. Kwa wengi wa aina hii, sentimita 75 kwa 75. Usijenge uwanja, mtoto akitambaa mbali na joto anaishia kona anapoa. Kuta sentimita 30, mbele acha sehemu ya chini zaidi ambayo mama ataivuka bila kukwaruza matiti. Chini piga vipande vya mbao, sanduku lisikae juu ya saruji.

TUMPE: Mbao tunazo, Mufindi ipo.

LUSAJO: Ila si zile zilizotiwa dawa ya mchwa. Paini ya kawaida au plaiwudi, ipigwe msasa, rangi ikauke mpaka harufu iishe.

TUMPE: Mimi nampenda mtu anayetumia beseni kubwa la plastiki. Unaosha, unaanika, kazi imekwisha.

LUSAJO: Beseni halina reli, dada.

TUMPE: Ah, reli. Wafuga nguruwe wa Njombe na Rungwe wanaijua hii.

LUSAJO: Imetoka hukohuko bandani. Ubao unazunguka kuta kwa ndani, vidole vinne kutoka chini, umetokeza ndani kiasi hichohicho. Mama akijitupa kuegemea ukuta, mtoto aliyekuwa nyuma yake anabaki chini ya ubao, hapondwi. Chihuahua ni mdogo kwako. Kwa mtoto wake ni gogo.

TUMPE: Nimekubali, beseni limeshindwa. Matandiko nasema mimi: taulo za mitumba Mwanjelwa, lakini kagua. Zile zinazochomoka nyuzi acha, uzi unajifunga mguuni unakata damu. Maranda hapana, yanaingia puani na kunata kwenye kitovu. Magazeti matupu yanateleza, miguu inatanuka. Yaweke chini ya taulo.

LUSAJO: Na sanduku likae wapi? Watu wanapenda stoo, kumetulia.

TUMPE: Stoo yenye mahindi!

LUSAJO: Hasa. Kama kuna vidonge vya kuhifadhia mahindi humo, ile gesi inaua, na sumu ya panya ipo pembeni. Chagua kona ya chumba mnachoishi, pasipo na upepo wa mlango, wageni wasipopita.

TUMPE: Liwekwe lini?

LUSAJO: Mimba ni kama siku 63. Wiki moja au mbili kabla, alale humo, azoee. Siku za mwisho mpime joto: kawaida ni 38 na kitu, likishuka chini ya 37.2 kwa kawaida anazaa ndani ya saa 24.

TUMPE: Na akilidharau sanduku lako, akaenda kuzalia kabatini?

LUSAJO: Usimhamishe katikati ya uchungu. Mwache amalize, kisha hamisha watoto wote mbele ya macho yake, atafuata. Halafu funga kabati kwa ufunguo, maana usiku atawarudisha mmoja mmoja.