Miche ya Nyanya Ndani ya Hema: Hatua kwa Hatua Kutoka Chumbani Kwangu, Lamu

Asalaam alaykum ndugu zangu, karibuni. Hiki ni chumba cha juu nyumbani kwetu, Langoni, hapa Lamu, na hilo jeusi pale pembeni ndilo hema langu la miche. Ngoja nifungue zipu. Mwanangu, njoo na kamera huku, taratibu, usigonge taa. Haya. Tazameni rangi hiyo, mashaallah! Mimi kila asubuhi nikifungua hapa hukaa kidogo niitazame tu kabla sijagusa kitu.

Naulizwa kila siku: Lamu jua tele, hema la nini? Kusi likianza, kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba, upepo unatoka baharini na chumvi yake, na mche wenye majani mawili unaungua kingo. Kaskazi nayo kavu, trei inakauka kabla ya adhuhuri. Bado hujahesabu mbuzi, kuku na kunguru. Ukikimbilia ndani, nyumba zetu za mawe mnazijua: kuta nene za matumbawe, madirisha machache, chumba chembamba kwa kuwa urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopima upana wake. Kwa kulala ni raha. Kwa mche ni giza, na mche ulio gizani hurefuka kutafuta mwanga, shina likawa kama uzi, mwisho ukalala. Hema lenye taa linauficha mche na upepo na linaupa mwanga. Basi.

Kulisimamisha sitawaonyesha, vyuma vinaingiana na robo saa nyingi. Langu ni sentimita 60 kwa 60, kimo 120, linachukua trei mbili za matundu 72. Ndani lina kitambaa cha rangi ya fedha cha kurudisha mwanga. Taa ya LED ya wati 100 juu, feni ndogo ya mezani, na kipimajoto. Kipimajoto kiweke chini, usawa wa majani. Ukikitundika juu karibu na taa kitakudanganya.

Na taima, hii saa inayowasha na kuzima taa yenyewe. Hapa tusikilizane, kwa sababu video nyingi mtakazoona zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanawasha taa mchana, joto wanalitafuta. Sisi joto tunalikimbia. Taa yangu inawaka saa kumi na mbili jioni, inazimika saa nne asubuhi. Hizo ni saa 16, zinatosha kabisa. Mchana chumba kikipata moto, taa imezimika na zipu iko wazi. Mbegu ya nyanya inapenda nyuzi 20 mpaka 30. Ikizidi 35, nyingi zinagoma kuota. Mimi niliwahi kuwasha mchana mwezi wa Februari, kipimajoto kikasoma 38.

Tuje kwenye udongo, na hapa sitaki mtu aruke mbele. Situmii udongo wa shamba, unabeba vimelea na unashikana kama saruji. Mchanga wa pwani hata usiufikirie, ni chumvi na chokaa. Natumia vumbi la makumbi ya nazi. Hili hapa. Ukilishika ni jepesi, linanyonya maji mengi na bado linapitisha hewa, na mzizi mchanga unataka vyote viwili. Mimi nalichukua kwa kina mama wanaosokota kamba. Lakini kumbukeni makumbi ya kamba yalikotoka: yalifukiwa kwenye tope la bahari miezi kadhaa ili yalainike. Yamejaa chumvi! Yaloweke kwenye maji baridi usiku mzima, yakamue, mwaga maji, loweka tena. Mara 3. Yale maji ya kwanza yanatoka meusi kama kahawa, ya tatu yanatoka rangi ya chai ya rangi nyepesi. Mkisha, msiniamini mimi wala macho yenu: jazeni kikombe kimoja, sieni mbegu 10 za mchicha. Mchicha unaota upesi, siku 4 au 5. Zikiota 8 na majani yakawa masafi, endeleeni. Zikigoma, rudieni kuosha.

Vumbi hili halina chakula cha maana, kwa hiyo debe 3 za makumbi natia debe 1 la mboji. Mboji yangu ni samadi ya punda, Lamu haikosekani, ila iliyooza vizuri miezi 3 na zaidi, mpaka haina joto wala harufu ya zizi, kisha nikaichekecha. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Changanya, lowesha, shika ngumi uminye. Yakitoka matone mawili matatu, iko sawa. Yakichuruzika, ongeza makavu.

Jaza trei, igonge mezani mara mbili ikae, usiishindilie. Toboa kishimo kwa ncha ya kidole, kina cha sentimita 1, mbegu moja, funika. Biringani na pilipili hivyo hivyo. Bamia msilete humu, mzizi wake haupendi kuhamishwa, ipandeni shambani moja kwa moja. Na andikeni jina na tarehe kwenye kijiti, tafadhali, pilipili na biringani zikiwa changa zinafanana kwa mgeni.

Trei iliyosiwa inafunikwa kwa plastiki na kukaa chini ya kitanda. Ndiyo, chini ya kitanda! Mbegu hizi hazihitaji mwanga ili ziote, zinahitaji joto na unyevu. Nyanya siku 5 mpaka 8, biringani wiki moja hadi siku 10, pilipili inajivuta, hata wiki 2. Chunguza asubuhi na jioni, na siku ile ile utakayoona vichwa vya kwanza vimejikunja kama ndoana, ondoa plastiki, ingiza hemani. Ukingoja zote zitoke, zile za mwanzo zitakuwa zimeshakuwa nyuzi. Taa iwe sentimita 40 juu yake, ukiona zinasimama imara shusha mpaka 30. Weka mgongo wa mkono usawa wa majani nusu dakika. Mkono ukihisi moto, na mche unahisi.

Ah. Umeme. Mwanangu, usizime kamera, washa taa ya simu. Na hii niwaambie papo hapo: taima ya kuzungusha kwa mkono kama hii yangu husimama umeme ukikatika, ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Umeme ukipotea kwa muda wa saa 2, taima inachelewa saa 2, na bila wewe kujua taa itakuwa inawaka mpaka adhuhuri. Kila umeme ukirudi, nenda kairekebishe. Miche yenyewe haitadhurika kwa saa chache za giza, msihangaike.

Umerudi, alhamdulillahi. Hapo, nairekebisha. Tuendelee na maji.

Sikilizeni vizuri. Miche tunainywesha kutoka chini. Chukua sinia au karai pana, maji ya kimo cha sentimita 2, weka trei ndani, maji yapande yenyewe kwa matundu ya chini. Natumia maji ya mvua. Kisima chetu kina chumvi kidogo, sisi tunakunywa, mche haukubali. Dakika 20. Uso wa udongo ukibadilika rangi ukawa mweusi, toa trei, iache ichuruze. Dakika 20, kisha toa. Wekeni saa ya simu, msitegemee kumbukumbu.

Nawaambia hivi kwa sababu mwaka wa kwanza niliweka trei ya nyanya majini baada ya magharibi, nikaitwa harusini, nikarudi usiku wa manane nimechoka nikalala. Asubuhi ilionekana nzima. Kesho yake miche 9 imelala. Siku ya tatu trei nzima, miche 72, imelala kama iliyokatwa kwa wembe, na mama mmoja wa kule Hindi, mji wa bara, alikuwa ameshailipia. Ule ni ugonjwa, unaitwa kinyausi. Vimelea vya ukungu vinakula shina pale linapogusana na udongo, na udongo uliorowa kutwa kucha ndio karamu yao. Mche ukishapatwa haurudi. Kwa hiyo: dakika 20, toa trei, mwaga maji ya sinia. Usiyaache humo eti yatafaa kesho.

Sasa njooni tuone trei ya pili, hii ya pilipili, ina wiki 3... Subiri. Mwanangu, sogea. Sogea hapa chini. Mnaona? Sinia lina maji. Nani ametia maji humu? Hii nilikuwa nimeshaitoa jana alasiri. Basi mtu wa nyumbani amepita akaona sinia kavu, akahurumia. Hapana, usikate video, watu waone.

Kwanza natoa trei. Naiinua hivi, pembe moja juu, ichuruze. Isikieni uzito wake. Trei iliyokunywa kwa kiasi naiinua kwa mkono mmoja, hii inataka miwili. Sasa karibisha kamera kwenye tundu hili la pembeni. Pale shina linapotoka udongoni, mnaona limekuwa jembamba, kama limefungwa uzi na kuvutwa? Limekuwa rangi ya kahawia, la majimaji. Juu majani bado ya kijani, lakini mche huu umekwisha. Na huu jirani yake umeanza. Miwili. Naitoa na udongo wake wote kwa kijiko, naitia mfukoni, mfuko unatoka nje ya nyumba, hauendi kwenye mboji. Kijiko nacho kinaoshwa kabla hakijagusa tundu jingine.

Sinia nalimwaga, nalisugua. Trei zikiwa tupu mimi huziosha kwa dawa nyeupe ya kufulia, ile ya klorini, kipimo 1 kwa maji vipimo 9, dakika 10 hivi, kisha nasuuza sana. Trei hii sasa hainywi tena mpaka uso ukauke na uzito upungue, pengine siku 2, na feni nailetea karibu. Kesho nitawaambia imefikaje. Sina hakika nimeiwahi yote.

Basi feni, maana tumeshaigusa. Majani yatikisike kidogo tu, kama pazia dirishani, isiwe dhoruba. Upepo huo unakausha uso wa udongo na unafanya shina kuwa nene. Feni yangu haizimwi usiku wala mchana. Zipu ya chini nayo naiacha wazi kiasi cha vidole vinne hewa iingie, vinne na si zaidi, kwa ajili ya paka. Lamu paka wana nyumba kuliko sisi, na hakuna paka atakayeona sehemu yenye joto na taa akaiacha.

Chakula. Majani mawili ya kwanza ni ya mbegu yenyewe, laini hayana meno. Yanayofuata ndiyo majani ya kweli. Yakitoka mawili ya kweli, ndipo naanza mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki. Kabla ya hapo hapana haja, mboji inatosha.

Tundu lililoota miwili, mmoja unahama. Chokonoa kwa kijiti, inua na udongo wake, na mshike kwa jani. Kwa jani! Jani likichanika litaota jingine, shina likipondwa hakuna la pili. Nyanya unaweza kuuzamisha mpaka karibu na majani, utatoa mizizi ubavuni. Pilipili uache kimo chake kile kile.

Wiki ya 4 mpaka ya 6 nyanya ziko tayari, lakini hazijalijua jua. Hizi nene hapa nimezianza juzi: siku ya kwanza muda wa saa 1 tu kwenye kiwanda, huu uwanja wetu wa ndani ya nyumba, jua la asubuhi. Kila siku naongeza, siku 7 mpaka 10, mwisho zinalala nje. Maji napunguza kidogo ili zikaze. Kusi likiwa kali naziweka nyuma ya ukuta. Wanaozichukua kwenda Mokowe kwa boti, nawafungia kwa gunia upande wa upepo, rasharasha ya maji ya bahari isizifikie. Mwenye kutaka miche, au vumbi la makumbi ambalo nimeshaliosha mara 3, aniandikie, mche ni shilingi 10, na nitakuuliza kwanza maji yako ni ya wapi.

Saa nne hiyo, taa imezimika. Mwanangu, shika kamera kidogo tu nifungue zipu yote, kisha tuteremke tukawaulize huko chini ni nani aliyetia maji.