Kabla ya Kuomba Kupokelewa: Mhadhara kwa Wanaofikiria Kuingia Kanisa Katoliki

Mheshimiwa Mwenyekiti, makatekista, wazazi na vijana mliohudhuria,

Nimeombwa kuzungumza na wale wanaofikiria kuwa Wakatoliki lakini hawajaamua. Mimi ni Mkatoliki, na ningefurahi kuwaona nyote mkipokelewa; hata hivyo sikuja kumvuta mtu, kwa sababu anayepokelewa pasipo kusadiki atalazimika kutamka mbele ya waamini maneno asiyoyakubali moyoni. Nayo maneno hayo ni mazito: mtu aliyebatizwa katika Kanisa jingine, siku anapopokelewa, hutamka kwamba anasadiki yote ambayo Kanisa Katoliki linasadiki na kufundisha kuwa yamefunuliwa na Mungu. Kwa maoni yangu, mtu anayetafuta uamuzi aanze na tamko hilo, alisome polepole akiwa peke yake, kisha ajiulize kama anaweza kulitamka bila kujidanganya.

Niondoe kwanza hofu moja inayowasumbua wengi waliolelewa katika makanisa ya Kilutheri, Kianglikana na Moravian. Aliyekwisha kubatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, habatizwi tena. Kanuni ya 869 ya Sheria za Kanisa inaruhusu ubatizo wa sharti, yaani unaotolewa kwa sharti kwamba mtu awe hajabatizwa kihalali, pale tu ambapo, baada ya uchunguzi, inabaki shaka ya kweli kuhusu ule wa kwanza. Basi hakuna atakayekwambia kwamba wazazi wako walikubatiza bure. Utafundishwa, utapokea kitubio, utaungama imani, utapewa kipaimara na Ekaristi. Asiyebatizwa kabisa, awe ametoka katika Uislamu, katika dini ya jadi au katika nyumba isiyokuwa na dini, njia yake ni ndefu zaidi, nayo ni ukatekumeni, yaani kipindi cha kufundishwa na kuandaliwa kwa ubatizo, ambao kwa kawaida hukamilika katika Mkesha wa Pasaka.

Urefu huo huwaudhi watu. Lakini katika nchi zetu ni wa zamani kuliko utaratibu wa sasa uliotolewa Roma mwaka 1972, kwa kuwa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliwaagiza wamisionari wake wasimbatize mtu mzima kabla hajaandaliwa kwa miaka minne. Alitaka imani ipite misimu kadhaa ya njaa na shibe, ionekane kama itadumu. Na bado agizo hilo halikuwa ukuta. Huko Buganda, Karoli Lwanga alibatizwa Novemba 1885, wakati Kabaka Mwanga alipokuwa akiwaua Wakristo, na miezi michache baadaye, Mei 1886, yeye mwenyewe aliwabatiza vijana wa ikulu waliokuwa bado wakatekumeni, kwa kuwa kifo kilikuwa mlangoni na nia yao ilikwisha kujulikana.

Sasa niseme juu ya uchumba, maana ndio unaowaleta wengi. Kijana wa Kilutheri amechumbia binti Mkatoliki, kamati ya harusi imeundwa, kadi za michango zimesambazwa, ukumbi umeshalipiwa, na mtu mmoja kati ya wazee anasema kwamba padre hatafungisha ndoa mpaka bwana harusi ahame dhehebu. Si kweli. Kanuni ya 1124 na ya 1125 zinaruhusu ndoa ya mseto kwa kibali cha Askofu: mchumba Mkatoliki huahidi kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, mwenzake hujulishwa ahadi hiyo, naye haahidi kitu. Kwamba mwenzake haahidi kitu ni matunda ya barua ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1970. Mchumba asiyebatizwa anahitaji zaidi ya kibali, yaani kuondolewa kwa kizuizi kinachotajwa katika kanuni ya 1086, nalo pia linawezekana. Kwa hiyo atakayeniambia, “Naingia kwa sababu tunafunga ndoa Desemba,” nitamshauri afunge ndoa yake Desemba kwa kibali, na suala la imani aliache liive kwa muda wake. Mama mkwe atanuna. Akinuna, atazoea.

Kwa wale ambao kikwazo chao ni mafundisho, namtaja John Henry Newman, padre wa Kianglikana wa Oxford, Uingereza, aliyekuja kuwa Mkatoliki na aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019. Alikuwa mhubiri mwenye jina kubwa, na alipoanza kuhisi kwamba Kanisa la mababa, yaani walimu wa imani, wa karne ya nne ndilo Kanisa la Roma alilolipinga, hakukimbilia Roma. Mwaka 1842 alihamia kijiji cha Littlemore, mwaka uliofuata akajiuzulu uongozi wa parokia yake, kisha akakaa miaka miwili mingine akiwa bado Mwanglikana, akisali na kuandika kitabu juu ya jinsi mafundisho ya Kikristo yanavyokua bila kugeuka kuwa mengine. Hofu yake ilikuwa kwamba huenda anadanganywa na matamanio yake. Tarehe 9 Oktoba 1845 alipokelewa na Dominic Barberi, padre Mwitaliano wa Shirika la Mateso. Wenzake wa karibu, Keble na Pusey, walibaki walikokuwa, naye hakurudi Oxford mpaka mwaka 1878.

Newman alitenganisha ugumu na mashaka. Unaweza kushindwa kueleza namna Kristo anavyokuwepo katika Ekaristi, na bado ukasadiki kwamba yupo. Huo ni ugumu. Lakini kama unaona kwamba mamlaka ya Papa ni uzushi wa wanadamu, hayo ni mashaka, na ni haki yako kungoja. Jambo jingine limekwisha kusogea: tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa neema, hivyo Mlutheri anayebaki nje kwa kuamini kwamba Wakatoliki hununua wokovu kwa matendo anapigana na adui asiyekuwepo. Upapa, daraja takatifu (yaani ushemasi, upadre na uaskofu) na Ekaristi bado vinatutenga, na huko ndiko pa kuuliza maswali makali.

Wapo pia ambao uamuzi wao unapitia kwa watu wengine. Mwanamume mwenye wake wawili, au mwanamke aliyeachika akaolewa tena, amwone paroko kabla hajajiandikisha, kwa maana ndoa za awali huchunguzwa kwanza, na ni vibaya mtu kugundua hilo wiki ya Pasaka. Kijana wa nyumba ya Kiislamu analindwa na ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania, inayotaja uhuru wa kubadili dini. Lakini katiba haitamkaribisha mezani kwa baba yake, kwa hiyo asisukumwe na katekista mwenye haraka. Na anayeacha mafundisho katikati hajamwibia mtu chochote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakaribisha maswali, na ningeomba waanze wale waliokwisha kuzungumza na wazazi wao.