Wateja Wangu Wasamoa: Mhadhara wa Fundi Cherehani wa Māngere

Wazee wetu, mama zetu na wafanyabiashara wenzangu, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya wateja, nami nimechagua familia moja tu ya Kisamoa, ambayo imekuwa ikishonesha nguo katika kiduka changu hapa Māngere, kusini mwa Auckland, tangu nilipokifungua. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa haikunituma niisifu.

Wengi wenu mliingia Nyuzilandi kama nilivyoingia mimi, kutoka Kongo au Burundi kwa njia ya makambi, mkapokelewa katika kituo cha wakimbizi kilichopo Māngere hii hii, ambako majirani wengi ni Wasamoa na Watonga, watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Bibi wa familia hiyo alikuwa miongoni mwa wateja wangu wa mwanzo. Kabla ya kuuliza bei, aliniuliza kama nina ndugu hapa mjini. Aliposikia kwamba sina, Jumapili iliyofuata aliwatuma wajukuu waniletee chakula cha baada ya ibada: magimbi, na majani yake yaliyopikwa kwa tui la nazi. Nilipoonja nilikumbuka nyumbani, na nguo alizoagiza nilizishona kwa moyo wangu wote.

Kazi yangu hunikutanisha nao katika mambo yao makubwa. Kwa misiba na ibada wanawake huvaa puletasi, blauzi ndefu juu ya sketi inayofika miguuni, na wanaume huvaa ie faitaga, vazi la kufunga kiunoni lenye mifuko. Kubwa kuliko yote kwa cherehani yangu ni Jumapili ya watoto, Jumapili ya pili ya Oktoba, ambapo watoto huvaa nyeupe, husoma aya na kuigiza mbele ya kanisa, na nyumbani huandaliwa chakula wao kwanza, wakubwa wakisubiri. Wajukuu wa bibi huyo, kila wanapopita mbele ya watu walioketi dukani, huinamisha mgongo na kusema “tulou”, kwa maana ya kuomba radhi, hata kama aliyeketi ni mgeni asiyejua desturi hiyo.

Mwaka 2021 ndio ulionionyesha kina cha wema wao. Auckland ilifungwa Agosti kwa sababu ya korona, na baadhi ya Wasamoa wa eneo letu wakatupiwa maneno ya chuki mitandaoni, kwa kuwa wengi wa wagonjwa wa mwanzo walitoka katika jamii yao. Oktoba ilipofika makanisa yalikuwa bado yamefungwa, nami nilikuwa nimekwisha kukata vitambaa vyeupe vya nyumba kadhaa za ukoo huo. Nilitegemea kwamba oda ingefutwa, na sikuwa na haki ya kulalamika. Bibi alinipigia simu akaniagiza nimalize, kwa sababu watoto wangesoma aya zao nyumbani mbele ya simu. Akalipa kiasi chote kilichobaki juu ya arubuni, na kijana wake akaja kuzichukua mlangoni.

Msidhani kwamba watu hawa wana fedha za kutapanya. Msiba au harusi ya ukoo humtaka kila mmoja achangie, na Samoa yenyewe hutegemea sana fedha zinazotumwa na watoto wake walio ughaibuni. Kuna wakati msiba uliwaelemea. Bibi akaja mwenyewe, akaniambia wazi kwamba hawezi kulipa siku tuliyopatana, akataja siku nyingine, na siku hiyo akalipa. Mimi naihesabu heshima hiyo kuwa kubwa kuliko hata ile ya 2021, maana kutoa ukiwa nacho ni jambo moja, na kumtazama fundi usoni ukiwa huna ni jambo jingine.

Bibi huyu alifika nchi hii katika miaka ya 1970, wakati polisi walipokuwa wakigonga milango ya watu wa visiwani alfajiri kutafuta waliopitisha muda wa viza. Wazazi wake walizaliwa Samoa ikiwa chini ya utawala wa Nyuzilandi, uliodumu tangu 1914 hadi uhuru wa 1962, na ambao chini yake homa ya mafua iliyoletwa na meli Talune mwaka 1918 iliua karibu mtu mmoja katika kila watano. Tarehe 1 Agosti 2021 waziri mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi kwa misako ile ya alfajiri, akafunikwa mkeka wa ie toga kwa desturi ya Kisamoa ya kuomba msamaha. Nilimuuliza bibi aliionaje siku hiyo. Alijibu kwamba ilikuwa njema, kisha akaniuliza kama wapo watu wetu waliofika karibuni ambao watoto wao hawana sare za shule.

Tulianza na watoto wachache. Yeye hununua kitambaa, mimi hushona, na mjukuu wake mmoja huja Jumamosi kukata nyuzi na kupiga pasi. Bibi amekataa nimlipe kijana huyo mpaka atakapoweza kushona pindo lililonyooka, na pindo hizo huzikagua mwenyewe.