Ana Mkono wa Birika? Tuisome Kwanza Slipu ya Mshahara ya Uingereza

Mambo vipi wana Dar! Kariakoo mpaka Mbagala hesabu ni ile ile: zidisha pauni kwa shilingi, yakitoka mamilioni, basi aliyeko mamtoni asipotuma ana mkono wa birika. Hesabu hiyo inaishia mstari wa juu wa slipu. Tushuke chini.

Kuanzia Aprili 2025, kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Piga saa 40 kwa wiki, kwa mwezi inakuja kama 2,116. Tuseme pauni ni shilingi 3,300, hiyo ni karibu milioni saba, na hapo ndipo watu wanapofunga daftari. Sasa kodi ya mapato, asilimia 20 ya kinachozidi 12,570 kwa mwaka, inabeba 214. Bima ya taifa, asilimia 8 ya hicho hicho kinachozidi, inabeba 86. Pensheni, sitini na kitu. Mkononi inafika 1,750 hivi.

Chumba London, jiko na choo mnachangia, pauni 800 ni kawaida. Chumba jamani, si nyumba! Basi la kwenda na kurudi kazini tuseme ni 3.50, kwa siku 22 ni 77. Zimebaki 873 na mtu hajala, hajalipa simu, hajawasha hita.

Na hizo saa 40 si za wote. Kuna mikataba isiyoahidi saa hata moja, bosi asipokupangia zamu, wiki imekwenda bure. Wenye viza nyingi za kazi hulipa pia mchango wa afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na hutolewa wote mapema: viza ya miaka mitatu, 3,105 kwa mkupuo. Wa viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa.

Kwa hiyo kama ada ya shule ni ya Januari, ombi liingie Oktoba au Novemba. Januari bili ya joto ndiyo imepanda.

Kinacholiwa njiani nacho kiangalieni. Tangazo la "kutuma bure" halitoshi, kwani makato hufichwa kwenye kiwango cha kubadilisha. Soko likiwa 3,300 na wao wakakupa 3,180, kwenye pauni 100 zimeyeyuka shilingi 12,000. Linganisheni shilingi zitakazopokelewa, basi.