Kivuko Hupimwa kwa Watoto Waliozaliwa Ng'ambo

Mabibi na mabwana, wahandisi, wahifadhi na wanafunzi mliofika,

Nimealikwa kuzungumzia vivuko vya wanyamapori, yaani madaraja na njia za chini zinazojengwa ili wanyama wavuke barabara, na kwa kuwa wengi wenu mnafahamu vyema barabara hufanya nini inapokata msitu au mbuga, sitawaonyesha picha za mizoga ambazo mikutano ya namna hii huanza nazo. Nitaanza na jambo ninalolisema kila ninapopewa nafasi, na nitaendelea kulisema mpaka nilione limeandikwa katika mikataba ya ujenzi: hesabu ya mizoga haitoshi kutuambia kama barabara ina madhara au haina. Barabara isiyoua mnyama hata mmoja kwa mwaka mzima yaweza kuwa ndiyo iliyokwisha kuua wote waliothubutu kuivuka, na waliosalia wamejifunza kutoikaribia.

Si maneno yangu tu. Katika miaka ya 1990 watafiti walihesabu vyura kando ya barabara za eneo la Ottawa, nchini Kanada. Kadiri magari yalivyokuwa mengi, ndivyo vyura walivyopungua, wale wazima na wale waliokanyagwa pia. Mtu aliyehesabu mizoga peke yake angeondoka akiamini kwamba barabara yenye magari mengi zaidi ndiyo salama zaidi, ilhali ndiyo iliyokuwa imemaliza vyura. Bado taarifa huja mezani zikisema kwamba mradi fulani hauhitaji kivuko kwa sababu hakuna wanyama wanaogongwa. Naomba tuache kuandika hivyo.

Sasa nitawasimulia habari za puma mmoja, yule paka mkubwa wa mwituni wa bara la Amerika, na wale walionisikia siku za nyuma watanivumilia, kwa sababu sijapata mfano mwingine unaoeleza jambo hili kwa uwazi kama huu. Watafiti walimpa jina la P-22. Alikuwa dume, aliyezaliwa katika milima ya Santa Monica kando ya jiji la Los Angeles, jimbo la California nchini Marekani, na alipofikia umri wa kujitafutia makazi yake mwenyewe alielekea mashariki. Katika safari hiyo ilimbidi kuvuka barabara kuu mbili, ile ya 405 na ile ya 101, ambazo magari hayakatiki usiku wala mchana. Hakuna aliyemwona akivuka. Kilichojulikana ni kwamba mwaka 2012 kamera inayojiwasha yenyewe ilimpiga picha ndani ya Griffith Park, bustani kubwa ya vilima na vichaka iliyozungukwa na nyumba na barabara pande zote. Dume mzima wa aina yake huhitaji eneo la kilomita za mraba mamia kadhaa. Huyu alijibana katika eneo lisilozidi kilomita za mraba 25, akala kulungu waliokuwamo, akaishi humo kwa miaka kumi hivi. Watu wa jiji walimpenda sana. Desemba 2022, akiwa mzee, mgonjwa na mwenye majeraha yaliyoonyesha kwamba huenda aligongwa na gari, aliwekwa chini ya uangalizi wa madaktari wa wanyama, nao wakaona hakuna njia ila kuyakatisha maisha yake bila maumivu.

Tumpime mnyama huyu kwa vipimo viwili. Kwa kipimo cha mizoga, alikuwa mafanikio makubwa: alivuka barabara mbili za kutisha akafika mzima, na kwa miaka kumi jina lake halikuingia katika orodha ya waliokufa barabarani. Kwa kipimo kingine, ambacho ndicho ninachowaomba mkichukue leo, alikuwa amepotea tangu siku ile ya kwanza, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakujulikana kuwa na mwenzi wala mtoto. Hapakuwa na jike aliyefika alikofika yeye. Mnyama anayevuka asiweze kuzaa hajaunganisha chochote.

Na huko milimani alikotoka, hali ilikuwa ya kusikitisha kwa namna nyingine. Madume vijana hawakuweza kutoka, wageni hawakuweza kuingia, na watafiti walithibitisha kwa vinasaba kwamba baba walikuwa wakizaa na binti zao. Mwaka 2020 alikamatwa puma mwenye mkia uliopinda nchani na korodani moja ambayo haikushuka. Dalili hizo za kuzaana ndani ya ukoo mmoja zilikuwa zimekwisha kuonekana katika jimbo la Florida, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 puma walikuwa wamebaki pungufu ya 30, wengine wakiwa na kasoro za moyo. Huko waliokolewa na majike wanane walioletwa kutoka Texas mwaka 1995, na idadi yao ikaanza kupanda.

Hapa ndipo mtu huniuliza: ikiwa majike wanane waliweza kufanya hivyo, kwa nini tusiwabebe wanyama tukawavusha wenyewe badala ya kujenga madaraja ya gharama kubwa? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kuwabeba wanyama ni kama kumwongezea mgonjwa damu. Huokoa maisha, lakini hakuzibi jeraha linalovuja, kwa hiyo itabidi kurudia, kizazi baada ya kizazi, na kila mara kwa uchaguzi wa mtu anayeamua ni nani abebwe. Zaidi ya hayo, huwezi kuwabeba nyoka, vyura, panya na wadudu wa msitu mzima. Kivuko hufanya kazi usiku na mchana kwa viumbe ambao hakuna mtafiti aliyewahi kuwafungia kola ya kufuatilia nyendo zao. Ndiyo maana California haikutegemea kuwabeba puma, bali tarehe 22 Aprili 2022 ilianza kujenga daraja la udongo na mimea juu ya njia kumi za magari za barabara ile ile ya 101.

Mfano wa kivuko kilichopimwa ipasavyo uko Kanada, katika Hifadhi ya Taifa ya Banff. Barabara kuu inayopita humo ina vivuko 6 vya juu na 38 vya chini, pamoja na uzio pande zote mbili, na ajali za magari na wanyama zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali, nami nafurahi, kwa kuwa ndani yake mna maisha ya madereva pia. Lakini kinachonigusa zaidi ni kazi iliyofuata. Watafiti walitandaza nyaya za seng'enge kwenye vivuko ili dubu wanapopita waache nywele chache, na kutokana na nywele hizo wakasoma vinasaba na kutambua dubu mmoja mmoja, na nani kamzaa nani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba dubu waliovuka walikuwa wakizaa ng'ambo. Hicho ndicho kipimo.

Tena tazameni muda uliohitajika. Kulungu walianza kutumia vivuko vya Banff mapema, lakini dubu wakubwa wa kahawia na mbwa mwitu walichukua miaka kadhaa kuviamini. Dubu hao walipendelea vivuko vipana vilivyo wazi, ilhali puma na dubu weusi walipendelea vile vyembamba vyenye kiza. Kwa hiyo anayejenga kivuko kimoja, akakichunguza kwa miezi sita, kisha akatangaza kwamba wanyama wamekikataa, hajafanya utafiti.

Nije kwenye uzio, kwa sababu nikisema uzio baadhi ya wahifadhi wenzangu hukunja uso. Najua hofu yao. Uzio bila kivuko ni ukuta, na nimeupinga na nitaupinga. Lakini kivuko bila uzio ni mwaliko usio na njia: mnyama hana sababu ya kutembea kilomita mbili kutafuta daraja wakati lami iko mbele yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba uzio wa kilomita 5 au zaidi hupunguza ajali kwa zaidi ya asilimia 80, ilhali ule mfupi kuliko hapo hupunguza kwa takriban nusu tu, tena kwa matokeo yasiyotabirika, kwa kuwa wanyama huzunguka mwisho wake. Pia lazima pawe na tuta la udongo upande wa ndani, ili mnyama aliyejikuta barabarani apate pa kurukia nje. Jambo hilo dogo husahauliwa mno, na matokeo yake ni mnyama anayekimbia huku na huko kati ya nyua mbili mpaka agongwe.

Kuhusu ardhi ya pande mbili za kivuko nitasema kwa kifupi, ingawa ilistahili mhadhara wake. Kivuko cha chini cha tembo kilichofunguliwa mwaka 2011 katika barabara ya Nanyuki kwenda Meru, nchini Kenya, kilitumiwa na tembo muda mfupi tu baada ya kufunguliwa. Hakikuwa na muujiza wowote. Kilikuwa sehemu ya ushoroba, yaani njia ya kupitia wanyama, wa kilomita 14 unaounganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare, na ardhi yake ilikuwa imetengwa, si upande mmoja, bali yote. Kivuko kinachotokea kwenye shamba lililozungushiwa ua, au kwenye eneo ambalo viwanja vinapimwa wakati saruji bado haijakauka, ni fedha iliyofukiwa.

Naona muda unaniishia, kwa hiyo viumbe wa matawini nitawagusa tu. Si kila mahali panahitaji daraja kubwa. Diani, kwenye pwani ya Kenya, mbega huvuka kwa ngazi za kamba zilizotundikwa kati ya miti juu ya barabara. Jozani, Zanzibar, matuta manne yaliwekwa barabarani, na kima punju waliokuwa wakikadiriwa kuuawa mmoja kila wiki mbili au tatu wakawa wanauawa mmoja kila wiki sita. Ni nafuu ya kweli kwa kiumbe asiyepatikana popote pengine duniani, lakini mmoja kila wiki sita bado ni wengi.

Vivuko vya vyura na suala la taa za usiku niliviandaa, ila sitaweza kuvifikia. Badala yake nina ombi moja kwa wahandisi walioko hapa. Kabla ya greda la kwanza kuingia, tengeni fedha za miaka miwili ya kamera na sampuli za vinasaba pande zote mbili za njia inayokusudiwa, na muiandike kazi hiyo ndani ya mkataba wa ujenzi, si ndani ya barua ya nia njema. Bila takwimu za kabla, miaka kumi baadaye tutakuwa na picha nzuri za wanyama wakiwa juu ya daraja, na hakuna atakayeweza kutuambia kama wale wa upande huu na wale wa upande ule bado ni ukoo mmoja.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali.